Ndege Aliyehamisha Wageni

Pale Isecheno, kando ya msitu, ukitaka kujua nani kajifungua, nani kafukuzwa kazi na nani amenunua kochi asiloweza kulilipia, ulikuwa huendi kwa chifu. Ulikuwa unaenda kwa Dorothy. Saluni yake ilikuwa sebule ya nyumba yake mwenyewe: kioo kimoja, mabenchi ya mbao, chupa ya chai isiyokauka. Wengine waliokuja hata nywele za kusukwa hawakuwa nazo. Walikuja kuchaji simu, wakaketi, chai ikamiminwa, neno likazaa neno, na jua likazama bila mtu kulikumbuka. Dorothy hakulalamika hata siku moja. Nyumba isiyo na wageni, alizoea kusema, ni kaburi lililoezekwa bati.

Lakini kati ya wageni wote hao, chai ya mmoja tu ndiyo iliyotiwa tangawizi. Huyo alikuwa Chrispinus, mwongoza watalii wa msituni, mwanaume mrefu mwenye kucheka polepole, aliyefiwa na mkewe miaka michache iliyopita. Jioni akitoka kazini alikuwa anasimamisha pikipiki yake mlangoni kwa Dorothy, anakunywa kikombe kimoja, anasikiliza umbeya wa siku nzima, anakwenda zake. Mwanamke hapeleki posa. Lakini tangawizi anaweza kuitia, na Dorothy aliitia kwa wingi, akangoja mwenye ulimi aelewe.

Basi siku moja mchana saluni imejaa, Rachael akiwa kwenye kiti, kichwa kimesukwa nusu. Rachael ni jirani, ua tu wa miti ndio uliowatenganisha. Alikuwa fundi wa cherehani aliyerudi kwenye boma la marehemu baba yake baada ya kuishi Kitale na mwanaume ambaye hakuwahi kuleta kwao hata kilo ya sukari. Mtu wa maneno machache. Dorothy alimpenda hivyo hivyo, maana kila msemaji anahitaji msikilizaji.

Mara akaingia Meneja. Huyu alikuwa paka wa Dorothy, dume la kijivu, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuwa na kazi yoyote ila kuzunguka akikagua kazi za wengine. Siku hiyo alikuwa amebeba kitu mdomoni, kikubwa kuliko kichwa chake.

"Meneja ameleta mboga," Jescah akasema. Jescah huyu hakukosekana pale hata siku moja, na simu yake haikuwahi kujaa chaji.

"Hiyo ni kuku ya nani?"

"Si kuku. Angalia mdomo."

Alikuwa ndege wa msituni, wa zambarau iliyokolea mpaka ikakaribia weusi, mdomo wa manjano kama ganda la ndizi, na kishungi chekundu utosini. Ndege hao hutoka msituni kufuata mapera ya watu. Bawa moja lilikuwa linaburuta sakafuni, na pale lilipofunguka ndani yake palikuwa pekundu, mtu asijue ipi ni rangi na ipi ni damu.

"Ni ndege tu," Dorothy akasema, chanuo mkononi. "Rachael, geuza kichwa."

Rachael hakugeuza kichwa. Aliinuka na nywele zake nusu, akavua leso kiunoni, akaitupa juu ya paka na ndege pamoja. Meneja, gizani humo, akaachia. Rachael akamfunika ndege vizuri na kumwinua kwa mikono miwili, taratibu, kama anayepokea mtoto wa mtu.

"Jescah, nipe hiyo katoni."

"Unaenda na kichwa nusu?"

"Nitakuja."

Akatoka. Wanawake wakacheka, Dorothy akacheka kuwashinda. Kisha wazo likamjia. Mtu hapigi simu kwa mwanaume bila sababu, na sababu hii hapa, imeletwa na paka mpaka mlangoni.

"Chrispinus, kuna ndege wenu huku. Paka wangu amemshika."

"Iko hai?"

"Iko."

"Msimpe maji kwa mdomo. Na chakura bado. Muacheni kwa giza, asishikwe-shikwe. Nakuja."

Alikuja upesi kuliko alivyowahi kuja. Dorothy alikuwa ameshaponda tangawizi, kikombe kiko mezani kinafuka. Chrispinus akasimama mlangoni na kofia yake ya pikipiki kichwani.

"Iko wapi?"

"Kaa kwanza unywe chai."

"Chai nakunywanga kila siku, Dorothy. Iko wapi?"

Akaonyeshwa. Kidole cha Dorothy mwenyewe ndicho kilichomwelekeza nyumbani kwa Rachael, na baadaye alikitazama kidole hicho mara nyingi kama mtu anayemtazama mwizi aliyemfuga.

Bawa halikuwa limevunjika. Nyama ilichanika tu, na manyoya yaling'oka. Ila meno ya paka ni sumu, jeraha la kuingia sindano laweza kumuua ndege kwa siku mbili. Hayo yalisemwa na Winrose Jepchirchir, daktari wa mifugo, aliyeletwa na Chrispinus siku ile ile akiwa na bomba la sindano ndogo kama ya kuchezea. Watu wa wanyamapori wakajulishwa, wakakubali ndege akae kwa Rachael mpaka apone, maana msitu uko karibu na Chrispinus angekuwa anapita kumwangalia.

Akawa anapita. Asubuhi akienda kazini, pikipiki ilisimama kwa Rachael. Jioni akitoka, pikipiki ilisimama kwa Rachael. Dorothy aliisikia ikipunguza mwendo mbele ya mlango wake kwa sababu ya shimo la barabarani, kila mara moyo wake ukiruka, na kila mara ikilipita shimo na kuendelea. Tangawizi ikalala kwenye kikombe. Siku ya tatu akainywa mwenyewe, ikamchoma koo.

Hilo angelimeza. Lakini wageni nao wakahama.

Ilianza kwa, "Ngoja tukaone ndege mara moja." Mara moja ikawa saa nzima. Wakaanza kubeba mapera na mapapai, wakaketi kwenye veranda ya Rachael wakisubiri zamu ya kuchungulia kwa upenyo wa mlango. Siku moja Dorothy alichungulia juu ya ua na kuona kitu kilichomkata maini: Rachael ameketi mkekani, na Jescah, Jescah asiyejua hata kushika chanuo, anamalizia kusuka ile nusu ya kichwa iliyobaki. Tena anaisuka vibaya. Na wote wanaongea kwa kunong'ona, kwa raha, kama waumini waliofika mapema kanisani.

"Mlikuwa wapi jana?" akamuuliza Jescah kesho yake.

"Si tulienda tu kuona ndege."

"Ndege gani haonekani akaisha?"

"Wivu, Dorothy?"

"Wivu wa ndege? Mimi?"

Jioni hiyo akachukua papai, tena lile kubwa alilokuwa akilingoja liive, akaenda. Si kwamba alitaka kuona ndege. Alitaka kuona. Aliwakuta chumba cha ndani, dirisha limezibwa kwa gunia. Chrispinus ameshika ndege ndani ya taulo, Rachael amelifungua bawa kwa vidole viwili anapaka dawa. Vichwa vyao vilikuwa karibu sana. Rachael alinyoosha mkono bila kutazama na Chrispinus akampa pamba bila kuombwa, na Dorothy akaona kuwa watu wanaofanya hivyo hawako tena mwanzo wa jambo, wako katikati.

"Haya, mgonjwa anaendeleaje?" akauliza kwa ile sauti yake ya kujaza nyumba.

Ndege akapapatika. Chrispinus akageuka.

"Dorothy, shusha sauti kidogo. Anaogopa."

Hakukuwa na ubaya wowote katika maneno hayo. Lakini Dorothy hakuwa amewahi, tangu azaliwe, kuambiwa na mtu ashushe sauti ndani ya nyumba. Sauti yake ndiyo watu walifuata. Aliliweka papai chini.

"Na hiyo paka," Chrispinus akaongeza, "uifungiange asubuhi na jioni. Hiyo ndio saa ndege wanashuka kula."

"Meneja hajawahi kufungwa."

"Basi aanze."

Rachael alimtazama Dorothy tu, kwa macho ya shukrani, akainua lile papai na kulinusa. Ingekuwa afadhali angetukana.

Wiki zikapita, ndege akaanza kuruka kutoka kiti hadi meza, kutoka meza hadi juu ya kabati. Kisha Alhamisi moja jioni, Dorothy akianua taulo zake karibu na ua, akasikia sauti upande wa pili. Ilikuwa ya Chrispinus, ile sauti yake mpya ya chini.

"Mahari nimeshapata. Iko mzuri sana. Jumamosi nakuja na wenzangu wawili tumalize haya maneno."

"Jumamosi hii?"

"Tukingoja zaidi haitafaa."

Kisha Rachael, kwa sauti iliyokuwa na kilio ndani yake: "Basi hii nyumba itabaki kimya."

Taulo zikamponyoka Dorothy. Mahari. Kwa Rachael, ambaye mwenzake wa Kitale hakuleta hata sukari. Rachael wa kunong'ona. Na yeye aliyeponda tangawizi miezi na miezi, mahari yake iko wapi?

Hakulala upesi. Alipolala aliota anapiga miayo kanisani huku wenzake wakiimba. Asubuhi akawa ameamua. Wanaume aliwajua, au alidhani anawajua: mwanaume akisikia jambo lake linatangazwa kabla hajalitangaza mwenyewe, hujikunja kama konokono aliyeguswa. Acha litangazwe. Acha aulizwe sokoni, aulizwe kazini, achekwe, atishike, akimbie. Na asingekuwa amesema uongo. Alisikia kwa masikio yake.

Jescah akaja kuchaji simu.

"Umesikia?" Dorothy akasema.

"Sijasikia."

"Basi kaa hivyo hivyo."

"Dorothy, wewe. Sema."

"Jumamosi. Mahari. Chrispinus analeta watu wake kwa Rachael."

"Rachael huyu wetu?"

"Na ng'ombe wa gredi, yule wa maziwa mengi." Ng'ombe huyo aliingia hadithini papo hapo, hata Dorothy hakujua ametokea zizi gani. "Lakini usiambie mtu."

Kumwambia Jescah asiambie mtu ni kumpa fisi bucha alilinde. Kabla ya chakula cha mchana habari ilikuwa imefika kwa Mzee Osundwa, baba mdogo wa Rachael, ambaye ndiye aliyebaki mkubwa wa boma lile. Mzee alikuwa ameshakata tamaa ya kuonja kuku wa mahari ya binti huyu. Hakumuuliza Rachael neno. Msichana haulizwi mambo hayo. Wanaume huyazungumza nje, yeye akiwa ndani. Akatafuta koti lake, akawaita wazee wenzake wawili, kisha akabisha kwa Dorothy.

"Dorothy mwanangu, nyumba yako ndiyo kubwa, na wewe ndiye mtu wa watu. Tusaidie viti na jiko. Kuku ninazo. Usimwambie Rachael, aibu itamuua."

Angekataaje? Hivyo Jumamosi asubuhi Dorothy alikuwa nyuma ya nyumba yake ananyonyoa ingokho, kuku za mahari ya mwanaume wake mwenyewe, manyoya yakimganda mikononi, huku Meneja amefungiwa chooni analia. Na nyumba ilikuwa imejaa. Imejaa kuliko Krismasi. Wote walikuja kwake, na hakuna aliyekuja kwa ajili yake.

Kwa upande wa Rachael, aliwaona watu wakitoka kwa Dorothy na viti, wakiingia bomani kwake na nguo za Jumapili, akashangaa, akadhani wamekuja kumuaga ndege. Akaguswa moyo mpaka akaingia ndani kujifuta macho.

Pikapu ikafika. Akashuka Chrispinus na sare yake ya kazi, akashuka Winrose, akashuka dereva. Mzee Osundwa akawapokea kwa mikono miwili.

"Karibuni watu wetu. Huyu mama ndiye shangazi?"

"Mimi ni daktari," Winrose akasema.

"Familia yenye daktari. Vizuri sana. Ketini."

Wakaketi kwenye viti vya saluni vilivyopangwa mbele ya mlango wa Rachael. Dorothy alisimama karibu na ua na mwiko mkononi.

"Sisi si watu wa kuzungusha maneno," mzee akaanza. "Tumesikia mmekuja kwa ajili ya mahari."

"Ndiyo, mzee," Chrispinus akajibu, kofia mkononi. Alionekana kushangaa kuona watu wengi hivyo, lakini heshima ni heshima. "Mahari tulitafuta sana. Tumepata, iko huko ndani ya msitu."

"Ndani ya msitu." Mzee akawatazama wenzake. "Na askari wa msitu?"

"Wanajua. Wao ndio walituonyesha."

"Huko inakula nini?"

"Matunda, mzee. Miti ni mingi. Na wenzake wako huko huko."

"Wenzake." Sauti ya mzee ikashuka. "Kijana, una wengine?"

"Wako wengi. Siku za kwanza watamsumbua kidogo, lakini atawazoea."

Mwanamke mmoja nyuma akaguna. Mzee Osundwa akaanza kuitafuta bakora yake bila kuondoa macho kwa Chrispinus. Ni Winrose aliyeelewa. Yeye ni Mnandi, si wa ulimi wetu.

"Mzee, subiri," akasema. "Nyinyi mnaongea mahari ya ng'ombe. Huyu anasema mahali. Pahali pa kumwachilia ndege."

Hapo hapo mlango ukafunguka na Rachael akatoka na katoni mikononi.

Sisi wa huku, l na r ni ndugu wa tumbo moja, huvaliana nguo. Tunakura ugari na tunaenda kurara, na hakuna mtu amewahi kulala njaa kwa sababu hiyo. Dorothy alikua ndani ya ulimi huo, siku nyingine yoyote angeelewa kabla Chrispinus hajafunga mdomo. Lakini wivu una masikio yake, na siku ile kwenye ua yalisikia kile yalichokuwa yakikiogopa.

Kicheko kilianzia nyuma, kikasogea mbele. Rachael alisimama katikati yake na katoni, akiwatazama wazee, makoti yao, moshi wa kuku, mpaka akaelewa, na shingo yake ikainama. Na Dorothy, Mungu amsamehe, alihisi utamu. Utamu kabisa, kama asali ulimini. Hakuna mahari. Mwanaume sasa atakimbia, kwa haya na kwa hasira, na jioni pikipiki itasimama penye shimo.

"Nani alileta habari ya ng'ombe wa gredi?" mzee akauliza.

Watu wakamtazama Jescah. Jescah akamtazama Dorothy. Dorothy akautazama mwiko.

"Ng'ombe wa gredi?" Chrispinus akasema. "Mimi niko na mbuzi tu."

Watu wakacheka tena, lakini kicheko hiki kilikuwa na joto. Chrispinus hakucheka. Alikuwa anaitazama ile shingo iliyoinama.

"Mzee," akasema polepole, "nilikuja kwa sababu ya ndege, hiyo ni kweli. Lakini hayo maneno mengine pia nilikuwa nayo. Niliogopa kuuliza mapema. Angenikataa, ndege angetunzwa na nani? Sasa mmenipikia kuku kabla sijafungua mdomo."

Mzee Osundwa akaiweka bakora chini. "Lisemwalo lipo," akasema.

"Kama halipo laja," wanawake wakamalizia.

Asali ikageuka shubiri ulimini mwa Dorothy. Yeye ndiye aliyelisema. Yeye, kwa mdomo wake.

"Mnaniongea kama hii katoni," Rachael akasema. Haikuwa sauti kubwa, lakini watu walishazoea kunyamaza ili wamsikie. "Hakuna mtu ameniuliza mimi. Na ndege amefungiwa kwa giza tangu asubuhi. Twende kwanza. Anayetaka jibu atanifuata."

Akatembea kwenda kwenye pikapu. Alipofika kwa Dorothy akasimama.

"Panda."

"Niko na sufuria motoni."

"Jescah ataangalia. Panda, Dorothy. Paka ni wako."

Wakaenda mpaka barabara ilipoisha, wakashuka, wakaingia msituni kwa miguu, mahali penye mikuyu iliyozaa na sauti nyingi za ndege juu, za kukoroma na kuitana. Winrose alikaa nyuma. Dorothy alisimama kando ya mti, na kwa mara ya kwanza maishani alinyamaza bila kuombwa. Rachael akapiga magoti, akafungua katoni, akarudi nyuma. Kitu kikakwaruza. Kitu kikapiga tawi, kikaruka tawi la juu yake, na Winrose akasema, "Angalieni, angalieni ule wekundu."

Rachael alikuwa anaangalia juu, analia bila kujificha. Chrispinus alisimama nyuma yake, si karibu, si mbali. Kisha yeye Rachael akarudi hatua moja ndogo, bega lake likagusa kifua cha mwanaume, na likabaki hapo. Akasema neno. Moja tu, bila kugeuka. Dorothy alikuwa karibu vya kutosha. Alilisikia, na safari hii halikuwa na herufi ya kukosewa.

Waliporudi, nyumba ya Dorothy ilikuwa bado imejaa. Obusuma, ugali wetu, umesongwa, kuku wamepakuliwa, hakuna aliyekula, wote walikuwa wanangoja. Rachael na Chrispinus walikuwa wamebaki nje penye pikapu wakiongea na mzee. Dorothy akaingia peke yake. Mabenchi yote yakamgeukia kama zamani, kila jicho, na Jescah akamsogezea kiti chake kizuri.

"Haya. Alimjibu nini?"

Dorothy akaketi. Habari ilikuwa mdomoni, imeiva, ya moto, kubwa kuliko zote alizowahi kuwa nazo. Ndani ya dakika chache wataipata kwa wenyewe. Lakini kwa dakika hizo chache ilikuwa yake, na hakutaka kumpa mtu.

"Sikusikia," akasema.

"Wewe? Usisikie?" Jescah hakuamini. "Basi ndege. Angalau alipaa vizuri?"

"Alipaa."

"Alienda upande gani?"

Dorothy akajivutia sahani. Yeye hakuwa amemwona huyo ndege kabisa; alikuwa akiwatazama wale wawili.